Wiki Saba za Shangazi

Ukimuuliza Muuguzi ni nani aliyemfundisha Shangazi kuikataa sindano, atakwambia ni yeye, na hatapepesa macho. Hamsingizii mtu. Yapo mambo ambayo binadamu huyafanya kwa nia njema kabisa, mchana kweupe, kalamu mkononi na chai mezani, na watu wazima wenzake wakitikisa vichwa kumkubalia. Mchimba kisima huingia mwenyewe, walisema waliotutangulia, ila hawakusema kwamba wakati mwingine humtanguliza mama yake.

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu. Alikuwa sauti. Kila Alhamisi saa kumi na moja jioni alitoka redioni, katika mchezo uliokuwa umeushika mji mzima. Mafundi seremala walizima misumeno. Wauza duka walipima mchele huku masikio yako kwingine, na wateja hawakulalamika kwa kuwa nao hawakuwa wakitazama mizani. Majirani waliokuwa hawasemezani walikaa kibaraza kimoja kwa nusu saa, mchezo ukiisha wakanuniana upya. Shangazi alikuwa mjane mwenye domo, mjuzi wa siri za mtaa mzima, na siku aliyopatikana na kisukari katika mchezo, kituo cha redio kilipokea salamu za pole kwa siku tisa. Mtu mmoja alileta kuku, akataka apewe Shangazi mkononi.

Ugonjwa huo alipewa makusudi. Hospitali ilikuwa imechoka kuita watu kwenye semina za kisukari, wanakuja kumi na wawili, na sita kati yao wamekuja kwa ajili ya soda. "Elimu tunayo," mkuu wa hospitali alisema, "lakini masikio yote yako kwa yule mwanamke wa redioni. Basi na tumpe yeye elimu." Ndipo Muuguzi, aliyekuwa ameiendesha kliniki ya kisukari kwa miaka kumi na moja, akapelekwa kituoni kuwa mshauri. Kazi yake ilikuwa kusoma kila ukurasa kabla haujarekodiwa, ili uongo wa kitaalamu usije ukapita.

Aliipenda kazi ile kuliko alivyokiri. Chumba cha mikutano cha kituo kilikuwa kidogo, kuta zimebandikwa sponji la magodoro ili sauti isivuje, na ukikaa humo kwa saa moja unaanza kusikia moyo wako. Mtunzi wa mchezo alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi, mwenye tabia ya kutafuna vifuniko vya kalamu mpaka vinabaki kama mifupa ya samaki. Siku ile alikuwa na mpango wake tayari.

"Shangazi atachoka na sindano," alisema. "Ataiacha, atakunywa mizizi, ataanguka, atarudi kwenye sindano. Sehemu mbili, yamekwisha."

"Sehemu mbili?" Muuguzi akacheka. "Hiyo ni hadithi ya watoto. Mimi ninao hawa watu kila siku. Mtu akiiacha sindano harudi ndani ya wiki mbili. Mkimrudisha Shangazi haraka, mgonjwa wangu atasema huyu ametumwa na hospitali, atazima redio. Mpeni wiki saba. Achoke pamoja nao, apotee pamoja nao, wamwone ni mwenzao. Ya nane ndipo arudi, na akirudi atarudi na mji mzima."

Mtunzi akakitoa kifuniko mdomoni. "Wewe ungekuwa mtunzi," alisema. Maneno hayo yalimwingia Muuguzi mpaka kwenye mifupa. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba angekuwa kitu kingine chochote zaidi ya muuguzi.

"Na anapoikataa atasema nini?" Mtunzi aliuliza. "Nataka maneno ya mtu, si ya kipeperushi."

Muuguzi akafungua daftari lake, akasoma. "Paja langu limekuwa chujio. Kila asubuhi natobolewa kama kitambaa kwenye cherehani. Wenzangu huchomwa sindano ili wapone. Mimi nachomwa leo ili kesho niwe hai wa kuchomwa tena. Hicho ni kitu gani?"

Fundi mitambo, ambaye kwa kawaida huwa hasikii neno lolote ila vipaza sauti vyake, aligeuka akamtazama.

"Umeyatoa wapi?" aliuliza Mtunzi.

"Kwa wagonjwa," Muuguzi alijibu.

Alikuwa na mgonjwa mmoja tu aliyesema hivyo, na mgonjwa huyo alikuwa mama yake mzazi. Alikuwa akiyasema maneno yale nyumbani tangu miaka tisa nyuma, kila asubuhi, akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda na gauni limepandishwa gotini. Na kila asubuhi Muuguzi alimjibu kwa maelezo. Alimweleza kongosho liko wapi na linafanya nini. Siku moja alimchorea juu ya bahasha. Kuyaandika maneno ya mama yake hakukumjia mpaka kazi ilipoyahitaji.

Mama alikuwa fundi cherehani aliyestaafu kwa maneno tu, maana cherehani ilikuwa bado chumbani kwake chini ya dirisha, na majirani walikuwa bado wanaleta magauni ya kupunguzwa. Redio ilikaa juu ya meza ya cherehani hiyohiyo. Alijichoma sindano mwenyewe asubuhi, kwa kuwa siku hizo Muuguzi alikuwa akitoka mapema kwenda kazini, na alijichoma vizuri, huku akiitukana. Mama alimwita mwanawe "baba" akiwa na furaha naye, na "Bwana Sukari" akichoshwa naye.

Alhamisi ya kwanza, Shangazi alipotamka ya paja na chujio, Mama alipiga makofi. Muuguzi alikuwa jikoni anaosha vyombo, akamsikia akiiambia redio: "Sema, mwanamke! Sema tena!" Muuguzi akatabasamu mbele ya sufuria. Alijiona hodari. Aliona jinsi maneno yalivyotoka kinywani mwa mama yake, yakapita kwenye daftari lake, yakaenda kituoni, yakarudi nyumbani yakiwa na nguvu maradufu. Laiti angejiuliza yamerudi kufanya nini.

Wiki ya tatu alifungua friji kutafuta nyanya. Kichupa cha insulini kilikuwa mlangoni, mahali pake pa siku zote, na plasta aliyoibandika mwenyewe ikiwa na tarehe ya kufunguliwa. Akakiinua kwenye mwanga. Dawa ilikuwa palepale ilipokuwa Ijumaa mbili zilizopita.

"Mama."

"Unasemaje, baba?"

"Hii dawa mbona haishuki?"

"Imekuwa mto, ishuke?"

Akatoka na kichupa mkononi. Mama alikuwa anashona, miwani imekaa kwenye ncha ya pua. "Nimepumzika kidogo," alisema bila kuinua uso.

"Tangu lini?"

"Tangu Shangazi apumzike."

Muuguzi alitafuta kiti kwa mkono, akakaa. Aliomba kidole cha mama yake ili apime, akapewa kwa shingo upande, na kifaa kikaonyesha ishirini na mbili, mara mbili na zaidi ya kiwango salama. Alieleza kwa dakika kumi. Alieleza figo, macho, miguu, mishipa. Mama alimsikiliza kama mtu anavyomsubiri wakala wa bima amalize, kwa adabu na bila haraka.

"Mama, Shangazi si mtu."

"Najua si mtu. Mimi ni mtoto? Najua kuna kijana huko anapepeta mchele kwenye sinia tunaambiwa ni mvua. Lakini anayoyasema ni ya mtu."

"Basi sikiliza. Mchezo naujua mpaka mwisho. Wiki ya nane Shangazi anarudi kwenye sin—"

"Usiniharibie!" Mama aliziba masikio kwa mikono miwili, mkasi ukiwa bado umening'inia kwenye kidole gumba. "Ziwi la roho wewe! Watu wanasubiri Alhamisi, wewe unakuja kuropoka Jumapili! Na tena unamsingizia. Yule harudi. Mimi namjua yule."

Kesho yake Muuguzi alileta karatasi yenyewe ya mpango, yenye mhuri wa kituo. Mama aliishika mbali kidogo, kama watu wenye macho mabovu wanavyoshika, akairudisha. "Karatasi ni yenu," alisema. "Kinywa ni chake." Kisha, alipoona uso wa mwanawe ulivyokuwa, akalegea. "Haya, tusigombane. Nakuahidi kitu kimoja. Shangazi akichoma Alhamisi, mimi nachoma Ijumaa asubuhi. Si ndivyo unavyotaka? Nitarudi naye."

Ndivyo alivyotaka, neno kwa neno. Ndivyo alivyowaambia watu wa redio kwamba itakuwa. Muuguzi alihesabu kwa vidole chini ya meza. Zilibaki wiki tano. Aliujua mwili wa mama yake kuliko alivyoujua mwili wake mwenyewe, na mwili ule haukuwa na wiki tano.

Alikwenda kituoni bila miadi. Mtunzi alimkaribisha kwenye kile chumba cha sponji, kwenye meza iliyojaa barua mpaka kalamu hazikuwa na pa kukaa. Alifurahi kumwona. "Soma," alisema, akimrushia moja baada ya nyingine. "Wanamfuata! Hatujawahi kupata barua namna hii. Huyu anasema Shangazi amemsemea yaliyokuwa moyoni. Huyu naye anasema hivyohivyo."

"Mama yangu ameacha sindano," Muuguzi alisema.

Mtunzi akaishusha barua polepole.

"Mrudisheni Alhamisi hii," Muuguzi alisema. "Nakuomba. Achome, basi, yaishe."

Mwanamke yule hakuwa mbaya, na ni vyema isemwe. Machozi yalimlengalenga. Lakini sehemu mpaka ya saba zilikuwa zimekwisha kurekodiwa na kupelekwa kwenye vituo vya miji mingine, na mwigizaji wa Shangazi alikuwa safarini na kundi la jukwaani. Ya nane ingerekodiwa wiki ileile ya kurushwa. Na hata kama ingewezekana kuruka, alisema, kesho msikilizaji angeuliza imekuwaje, jana anakunywa mizizi, leo anachoma. Wangejua wametegwa. Wasingerudi, si wiki ya nane wala ya themanini.

"Wewe ndiye uliyetufundisha hivyo," alisema kwa sauti ya chini. "Na ulikuwa sahihi."

Na kweli Muuguzi alikuwa sahihi. Hiyo ndiyo sehemu iliyomkosesha usingizi. Angekuwa amekosea, angesahihisha.

Alichopata ni tangazo. Mwisho wa kila sehemu, msomaji mmoja mwenye sauti ya mkuu wa shule aliwakumbusha wasikilizaji waendelee kutumia dawa walizoandikiwa na daktari. Alhamisi ile Muuguzi aliwahi nyumbani, akakaa chumbani kwa Mama kulisubiri. Wimbo wa kufungia mchezo ulipoisha na yule bwana aliposafisha koo, Mama alinyoosha mkono akazima redio.

"Mbona umezima?"

"Mchezo umekwisha. Hayo ni matangazo."

Muuguzi akatoka barazani. Nyumba zote za mtaa zilikuwa zimenyamaza kwa pamoja, kama zimezimwa kwa swichi moja.

Kliniki nayo ilianza kupwaya. Benchi la wazee, lile ambalo huwa watu wanaligombania, lilibaki na nafasi. Sokoni alikuta kijana anauza unga wa mizizi ndani ya chupa za soda, kabandika kibao: Dawa ya Shangazi. Muuguzi akasimama pale akaanza kueleza. Wateja walimsikiliza kidogo, mmoja akauliza, "Wewe unamsikiliza Shangazi lakini?" na alipojibu kwamba yeye ndiye aliyemwandikia maneno, walicheka mpaka muuza nyanya wa jirani akaja kuuliza kuna nini. Mkuu wa hospitali, alipoelezwa, alitikisa kichwa kwa huruma, akasema wavumilie, wiki ya nane inakuja.

Nyumbani, Mama alikuwa anapungua. Alifurahia. Alijipunguzia magauni yake mwenyewe kwenye cherehani, moja baada ya jingine, na alisimama mbele ya kioo akijigeuza. "Nimekuwa msichana," alisema. "Nikitoka hapo nje utapata baba wa kambo." Jagi la maji lilihamia kitandani. Usiku Muuguzi alihesabu mara alizokwenda msalani, akafika saba, akaacha kuhesabu.

Alijaribu yote. Alimleta mjomba wake, ambaye alikuja na fimbo na sauti kubwa, akaondoka na suruali iliyopunguzwa kiuno. Alijaribu kugomba, na Mama akamwambia asipandishe sauti katika nyumba aliyoijenga kwa sindano ya cherehani. Alijaribu kununa siku mbili, akajikuta anayeumia ni yeye. Hata alifikiria kumchoma akiwa usingizini. Alisimama mlangoni na bomba la sindano mkononi, akamwona alivyolala mdomo wazi, mdogo kuliko alivyomjua, na hakuweza. Mwili ni wa mwenyewe. Hilo aliwafundisha wanafunzi kila mwaka.

Mwigizaji aliporudi safarini, wiki ya saba, Muuguzi alimsubiri mlangoni mwa kituo akambembeleza mpaka aibu ikamwisha. Akaja naye Jumamosi. Alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, suruali ya dengrizi, bigijii mdomoni, na alimwamkia Mama kwa heshima zote. Mama alimkaribisha kama anavyomkaribisha mtu aliyeleta kitambaa. Kisha binti akaitoa ile bigijii, akafumba macho, na Shangazi akaongea ndani ya chumba.

"Mwenzangu, hujambo? Nimesikia unaumwa, nikasema hapana, huyu lazima nimwone kwa macho."

Mama alishika kifua. Alicheka, machozi yakamtoka, akacheka tena. Alimshika binti mkono na hakuuachia. Muuguzi, aliyesimama mlangoni, alianza kutumaini.

"Mwenzangu," Shangazi aliendelea, "hebu tuichukue ile sindano. Mimi na wewe. Tumechezea roho zetu vya kutosha."

Mama alimtazama yule binti usoni, kwenye ngozi yake laini, kwenye kucha zake zilizopakwa rangi.

"Una kisukari, mwanangu?"

"Hapana, Mama," binti alisema kwa sauti yake mwenyewe.

"Umewahi kuchomwa sindano?"

"Chanjo tu. Shuleni."

"Basi kunywa chai, mwanangu, inapoa." Na alimmiminia kikombe, akamwekea na mkate, wala hakuonyesha hasira. Binti alipoondoka, ndipo alipomgeukia mwanawe. "Umenitafutia mtoto wa watu aje anidanganye kwa sauti ya mwenzangu. Yule Shangazi wa Alhamisi anaumwa. Huyu haumwi. Kuna mtu mmoja tu duniani anayejua ninavyojisikia, na wewe unataka kunipokonya."

"Mama, maneno yale ni yako!" Muuguzi alisema, na sauti ilimpasuka. "Ya chujio, ya cherehani. Ni yako wewe. Mimi nilikusikia wewe nikayaandika, nikawapa. Anayejua unavyojisikia ni mimi!"

Mama alimtazama. Muuguzi aliona kwamba sasa anamsadiki, na kwamba kumsadiki hakukusaidia kitu.

"Miaka tisa nilikuwa nakwambia wewe," alisema. "Shangazi alisema mara moja tu, na majirani zake wote mchezoni wakamwambia pole. Pole, mwenzetu. Wewe ulisema kongosho."

"Pole, Mama," alisema Muuguzi.

"Asante, baba. Lakini pole ya leo ina sindano nyuma ya mgongo." Akavuta gauni alilokuwa analishona, akahangaika na uzi kwenye tundu, mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Macho yalikuwa yamemwingia ukungu. "Hebu nitungie," alisema.

Muuguzi akamtungia uzi.

Jioni ile alikaa jikoni na kurasa za sehemu ya nane, zile alizotakiwa kuzihakiki. Mtunzi alikuwa amemwandikia Shangazi maneno mazuri ya kurudi kwenye sindano, na utaalamu ulikuwa sahihi wote. Muuguzi aliyafuta. Akaandika mengine, kwa haraka, bila kusimama, kama mtu anayeandika barua aliyochelewa kuiandika kwa miaka mingi. Akayapeleka kituoni Jumatatu asubuhi kabla ya kwenda kazini. Mtunzi aliyasoma akiwa amesimama, akasema hawatagusa hata nukta. Ingerekodiwa Jumanne.

Jumatatu hiyohiyo mchana jirani alipiga simu. Alimkuta Mama sakafuni kati ya kitanda na cherehani, anapumua kwa nguvu na kwa haraka, pumzi inanuka matunda yaliyooza. Muuguzi alijua ile harufu. Hospitalini walimlaza kwenye wodi ya Muuguzi mwenyewe, wenzake wakamtundikia maji, wakamchoma insulini kwenye mshipa, kwa kuwa sasa hakuwa na sauti ya kukataa. Sukari ilishuka vizuri. Figo hazikurudi. Jumanne saa nne asubuhi, wakati kituoni wanawasha vipaza sauti, Mama alifariki bila kufumbua macho. Jumatano wakamzika. Mtunzi na yule binti walikuja, wakasimama nyuma ya watu wote.

Alhamisi nyumba ilikuwa bado imejaa. Akina mama wa mtaa, rafiki zake Mama, walikaa chumbani kwake kwenye mikeka, miguu imenyooshwa, wakizungumza kidogokidogo. Muuguzi alikaa kwenye kiti cha cherehani kwa sababu hapakuwa na kingine. Ilipokaribia saa kumi na moja, mazungumzo yalikatika. Wanawake walitazamana, wakaangalia ukutani, mmoja akakohoa. Mwishowe mkubwa wao, jirani wa mlango wa pili, ambaye naye alikuwa na kadi kliniki na alikuwa hajaonekana huko tangu mwezi uliopita, alijisogeza.

"Mwanangu, tuwie radhi. Si kwamba hatuna adabu. Ila marehemu alikuwa haukosi. Tuseme tunamsikilizia."

Muuguzi aligeuka, akawasha redio.

Shangazi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Zilisikika springi za godoro zikilia. Halafu akaongea, polepole kuliko kawaida yake, bila domo.

"Najua umechoka," aliiambia nafsi yake. "Hakuna aliyekuuliza. Walikueleza tu. Kila mtu ana maelezo, na wewe ndiye mwenye paja. Pole. Pole sana, mama. Miaka yote hiyo umebeba peke yako na hakuna aliyekaa hapa pembeni yako akakwambia pole. Sikwambii haiumi. Inauma, na kesho itauma. Nakuomba tu usiniache. Sijui kuishi bila wewe. Chukua, tuchome, halafu nitakaa na wewe mpaka iache kuuma."

Chumba kizima kilikuwa kinalia, na ilikuwa kilio tofauti na cha jana. Wimbo wa kufungia ulipoanza, wanawake wawili walipiga makofi, wakakumbuka walipo, wakaishusha mikono.

"Mimi kesho narudi kliniki," mmoja alisema, akijifuta kwa upande wa kanga.

"Twende wote," alisema mwingine. "Tuondoke saa mbili."

Jirani wa mlango wa pili alikuwa bado anaitazama redio. Kisha akamtazama Muuguzi, kwa upole, kama mtu anayeuliza njia.

"Mwanangu, wewe si ndiye muuguzi wa sukari? Mbona mama yako hukumwambia?"

"Nilimwambia, mama," alisema Muuguzi.

"Ulimwambia hivi? Kama alivyosema huyu?"

Wanawake wote walikuwa wanamsubiri.

"Hapana," alisema. "Hivi sikumwambia."